Unga Mwekundu wa Shimo la Bubu

Nchi ninayoisimulia haipo jirani na kwenu, kwa hiyo tulieni. Ukisikia jambo linafanana na lile ulilolishuhudia juzi katika ofisi fulani, jua masikio yako ndiyo yenye kosa, na huko ninakokusimulia masikio yalikatwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Mimi nasimulia tu. Mimi simo.

Mtawala wa nchi hiyo aliitwa Baba, basi. Majina yake mengine yalikuwa yamesahauliwa kwa amri. Ndani ya ua wa Ikulu kulikuwa na chemchemi, na watoto shuleni walifundishwa kwamba maji yote ya nchi huanzia hapo, hupanda milima, hujigawa kwa haki katika kila mto, kisha hushuka kwa wananchi wenye shukrani. Mwalimu mmoja wa jiografia aliwahi kuuliza maji yanapandaje mlima. Alipelekwa akasome zaidi, na mpaka leo bado anasoma.

Maji hayo yalikuwa na wizara yake, Wizara ya Maji na Nidhamu ya Maji, chini ya Mheshimiwa Mavumba, mtu mwenye shingo fupi na hotuba ndefu. Yeye ndiye aliyepiga marufuku mafuriko. Mto uliofurika bila kibali ulifutwa kwenye ramani, na ndugu wa waliozama wakatakiwa waeleze jamaa zao walizama kwenye nini ikiwa mto wenyewe haupo.

Halafu kulikuwa na suala la rangi. Chama cha Baba kilikuwa chekundu. Kijani ilikuwa rangi ya chama kingine, ambacho kwa bahati mbaya kiliwahi kushinda uchaguzi, na tangu hapo kijani ikawa kosa la jinai. Majani ya miti yalipewa msamaha maalumu kila mwaka, maana hapakuwa na gereza la kuyatosha. Mchicha uliuzwa umefungwa kwenye gazeti, na mnunuzi alitazama huku na huku kabla ya kuupokea. Taa za barabarani zilibaki na nyekundu na njano, madereva wakawa wanakwenda kwa kukisia. Mji mmoja uitwao Sengo ulikutwa na mlango uliopakwa kijani. Mji mzima ulichomwa moto, na redioni wakasema umehama.

Sasa mnajua ya kutosha kuogopa. Tuendelee.

*

Dakta Sihaba Mkwachu alikuwa mwoga. Nalisema mapema ili msije mkakaa hapo mkimngojea afanye ushujaa. Aliogopa polisi, aliogopa karani, aliogopa hata mhuri ukigongwa chumba cha pili. Lakini hakuna mwoga asiye na kitu anachokipenda, na Sihaba alipenda kujua maji yanakwenda wapi. Alikwenda ng'ambo akalisomea jambo hilo mpaka wakamwita daktari, na mama yake akalazimika kuwaeleza majirani kwamba binti yake ni daktari ndiyo, ila asiletewe mtoto mwenye homa.

Ujana wake wote uliishia Uwanda wa Mawe. Huko vijito hutiririka vizuri kama kwingine, halafu ghafla vinatumbukia kwenye mashimo na kupotea. Mvua inayonyesha huku inakuja kuchimbuka kule, ng'ambo ya milima, mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Sihaba alilala kwenye hema, akapima vijito, akachora ramani za kila dakio, yaani eneo ambalo mvua yake yote huishia mto mmoja. Mchumba wa kwanza alimkosa kwa sababu ya kazi hiyo, na wa pili hakufika kabisa. Alichokipata ni jambo moja, na alilijua vizuri. Maji hayapotei. Hata yakimezwa na ardhi, kuna mtu mahali fulani anayangoja na ndoo.

Basi mnaweza kufikiri alivyojisikia asubuhi aliyosikia tangazo. Kiwanda cha Ngozi cha Taifa, kilichotengeneza buti nyekundu za walinzi wa Baba, kilikuwa kimekosa mahali pa kumwaga maji yake machafu. Yalikuwa maji makali. Punda mmoja aliyaonja nyuma ya kiwanda akafa hata kabla hajalala chini. Wizara ikatangaza kwa furaha kwamba malori ya tangi yatayapeleka Shimo la Bubu, kule Uwandani, shimo refu lililopewa jina hilo kwa sababu ukitupa jiwe humo halikwambii limefika wapi.

Sihaba alikaa chini. Kwa miaka mingi alikuwa akishuku kwamba Shimo la Bubu linatokea Mtokambali, mji wenye chemchemi moja tu, na mji huo ndio aliozaliwa. Mama yake, Bi Siwatu, alikuwa bado anaishi huko, balozi wa nyumba kumi. Mji mzima ulikunywa pale, ulipikia pale, ulioshea maiti pale. Malori yakimwaga, mji wote ungekwenda njia ya punda. Lakini kushuku si kujua, na njia ya kujua ilikuwa moja: kutia rangi shimoni, kisha kungoja kwenye chemchemi uone itatokea wapi.

Ilimbidi akaombe kibali. Akachukua kopo lake la unga wa rangi, akaenda.

*

Mheshimiwa Mavumba alimpokea amekaa chini ya picha ya Baba, picha kubwa kiasi kwamba jicho moja tu ndilo lililotoshea ukutani.

"Naomba tujue kwanza yanatokea wapi, Mheshimiwa," alisema Sihaba.

"Yanatokea wapi nini?"

"Maji, Mheshimiwa. Yakishaingia shimoni."

"Dakta, shimo limeyameza. Wewe ukimeza ugali, unauliza unatokea wapi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," alijibu Sihaba, na hofu ikamkuta ameshasema.

Waziri akanyoosha kidole kwenye kopo ambalo Sihaba alikuwa amelikumbatia kifuani, akauliza lina nini. Sihaba akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na unga laini, mwekundu kama vumbi la tofali.

Uso wa waziri ulifunguka. "Kumbe wewe ni mwenzetu. Mbona hukusema mapema? Tumetafuta miaka mingi namna ya kuyaingiza maji kwenye chama."

Hapa ndipo penye shida, na nawaomba mnisikilize vizuri. Unga ule ni mwekundu ukiwa mkavu. Ukigusa maji tu, unageuka kijani, tena si kijani cha kubahatisha, ni kijani kinachong'aa ungedhani kimewashwa taa. Wataalamu wa maji wanaupenda kwa sababu hiyo, maana kijiko kimoja kinaonekana hata kwenye mto mkubwa. Sihaba alikusudia kueleza hilo. Alikuwa amelifanyia mazoezi njiani.

"Mheshimiwa, unga huu ukishaingia majini…"

"Utayafundisha itikadi."

"Unabadilika," alisema Sihaba, kwa sauti ndogo ambayo hata masikio yake mwenyewe hayakuisikia.

"Nitaumwaga mimi mwenyewe," alisema Mheshimiwa Mavumba. "Na kopo hili dogo ni dharau. Heshima ya taifa haipimwi kwa kijiko. Leteni pipa zima la unga huu."

*

Sherehe ilifanyika ukingoni mwa Shimo la Bubu. Palikuwa na bendi, palikuwa na kwaya ya wafanyakazi wa wizara, palikuwa na zulia jekundu lililotandikwa mpaka mahali ambapo ardhi inaishia, na afisa mmoja wa itifaki aliyelifuata zulia hilo kinyumenyume akipiga picha hakuonekana tena. Jina lake lilitajwa katika shukrani.

"Ndugu wananchi," alinguruma waziri, ingawa wananchi walikuwa wamezuiwa kufika. "Maadui zetu wanasema maji hayana chama. Leo tunayapa kadi. Yatakapotokea, yatatokea mekundu, na mahali yatakapotokea tutajua kwamba pana wazalendo. Yakitokea na rangi nyingine, basi tutajua pia, na wenye mji watatueleza."

Sihaba alikuwa amesimama nyuma ya ngoma kubwa ya bendi. Pipa zima lilipinduliwa. Unga ukashuka gizani kama moshi mwekundu, kwaya ikaimba, na huko chini kabisa, mahali pasipofika jicho, ukakutana na maji. Hakuna aliyeona ulichofanya. Sihaba peke yake ndiye aliyejua, na mkojo ukamtoka kidogo, akasogea ili gauni lisimgande.

Sherehe ilipokwisha hakungoja chakula. Alichukua begi lake akaenda Mtokambali, akiomba njia nzima kwamba utaalamu wake wote uwe ni upuuzi.

*

Haukuwa upuuzi.

Rangi ilifika asubuhi na mapema, saa wanawake walipokuwa wanateka maji. Kwanza ilikuja kama uzi, ikaingia kwenye bwawa dogo la chemchemi ikajikunjua. Halafu ikaja yote. Chemchemi ya Mtokambali iliwaka kijani kiasi kwamba nyuso za waliokuwa wameinama juu yake zilibadilika rangi. Hakuna aliyepiga kelele. Ndoo moja ilianguka ikabingirika, na mwenye ndoo hakuifuata.

Sihaba alikuwa amekaa juu ya jiwe na chupa zake. Maisha yake yote alikuwa akiisubiri siku ambayo angeona kwa macho yake njia ya maji ya Uwandani, na ilipofika aliitazama akatamani kufa.

"Mwanangu," alisema Bi Siwatu polepole, mkono ungali kwenye mpini wa ndoo. "Hii ni nini?"

"Ni rangi, mama. Haidhuru mtu. Ukiinywa haikuui."

"Rangi haiui? Waliokufa Sengo waliuawa na nini?"

Mama mtu akawageukia wenzake, akawaambia wachote kama kawaida, kwani mji usioteka maji asubuhi ndio unaoulizwa maswali. Wakachota. Wakafunika ndoo kwa kanga wakaenda nazo kwao bila kusalimiana, na kila mmoja akajifungia na serikali yake pinzani ndani ya mtungi.

Siku hizo Mtokambali walikula uji wa kijani na ugali wa kijani, wakanywa chai yenye rangi ambayo sitaki hata kuisema. Watu walijifunza kuzungumza midomo imebanwa ili meno yasionekane. Kanzu ya bwana harusi ilifuliwa kwa bahati mbaya, na harusi ikaahirishwa kwa sababu ya msiba ambao haukuwa umetokea. Beberu mmoja aliyezoea kunywa chemchemini aliota ndevu za kijani, akavalishwa shungi kama bi mkubwa na kuwekwa ndani. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo walivyosema, ila huyu mwanaharamu alikuwa njiani anakuja na gari la serikali.

Sihaba alikuwa na msaada mmoja tu wa kuwapa. Rangi ile haipatani na jua. Ukiianika inafifia, na baada ya muda mji wote ulikuwa umetandaza mabeseni, masufuria, sinia na mapipa yaliyokatwa juani, kila kitu chenye uwezo wa kubeba maji. Watu walikaa karibu na mabeseni yao wakiyatazama. Ungepita ungedhani wanakausha dagaa wasioonekana.

Watu wa miwani myeusi walipofika, chemchemi ilikuwa imeshajisafisha. Walimuuliza balozi maji yao yana rangi gani.

"Ya maji, baba," alisema Bi Siwatu.

"Hayajawahi kuwa na rangi nyingine?"

"Mvua ikinyesha huwa ya tope. Tuombe radhi kwa nani?"

Walizunguka, wakaonja, wakatazama watoto mdomoni kama wanunuzi wa punda. Katika nyumba moja walimkuta beberu na shungi lake amelala kitandani, wakampa pole ya ugonjwa. Kisha wakaondoka. Wakati wa kuondoka mmoja wao alimwambia Sihaba kwa upole mkubwa kwamba Tume iliyoundwa na waziri inamngoja mjini atoe ripoti yake, na kwamba malori yameshajazwa, yanangoja neno lake tu. Upole ule ndio uliomtia hofu kuliko yote.

*

Alikaa na mama yake jikoni. Moto ulikuwa umezimika na hakuna aliyeushughulikia.

"Nikisema ilitokea hapa," alisema Sihaba, "wataniuliza ilikuwa rangi gani."

"Na ukisema kijani watatuchoma."

"Nikisema sikuona kitu, malori yanakwenda shimoni. Mtakunywa ngozi, mama. Nyote. Hamtamaliza hata wiki."

"Sema imetokea kwingine. Sema baharini."

"Nikitaja bahari malori yanakwenda. Nikitaja pori malori yanakwenda. Nikitaja mji mwingine wowote, mama, yanakwenda vilevile, maana hakuna mji ambao watu hawa wanaogopa kuunywesha sumu."

Bi Siwatu alikuwa mwanamke mkavu, aliyezika waume wawili bila kupandisha sauti, lakini sasa mkono wake ulikuwa gotini ukikunja na kukunjua upindo wa kanga.

"Mimi sijasoma, mwanangu," alisema hatimaye. "Aliyesoma ni wewe. Sasa tusemee."

"Naogopa."

"Najua. Tangu mdogo. Kuku akipanda kitandani ulikuwa unamwachia kitanda." Akamfunga vizuri kitambaa cha kichwa, kama alivyokuwa akimfunga enzi za shule. "Nenda nayo hivyohivyo hofu yako. Usiiache hapa, hapa tunayo ya kutosha."

*

Tume iliitwa Tume ya Kuthibitisha Yaliyokwisha Thibitishwa. Ilikaa katika ukumbi mrefu wenye viti vingi, na wajumbe wote walivaa nyekundu, hivyo ulipoingia ulihisi umeingia ndani ya kinywa. Mheshimiwa Mavumba aliongoza. Alisema kwa muda mrefu kuhusu maji yanayotii na maji yanayokaidi, na kila alipotaja jina la Baba wajumbe walisimama wakapiga makofi, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha, walipiga mpaka mzee mmoja akazimia, akapigiwa makofi naye.

Sihaba alisimamishwa mbele. Alikuwa ameamua kusema kwamba hakuona kitu. Nawaambia ukweli, mwoga ni mwoga: alikuwa ameamua kuiokoa ngozi yake siku hiyo, na kifo cha Mtokambali akilie baadaye.

"Haya, Dakta," alisema waziri. "Unga wetu ulitokea?"

"Ulitokea, Mheshimiwa," alisema, na papo hapo akashangaa ni nani aliyesema.

Wajumbe wakainua kalamu.

"Kwa rangi gani?"

"Nyekundu, Mheshimiwa. Kama ulivyoingia."

Makofi yalilipuka. Sihaba aliyasikia kwa mbali. Alikuwa anaona uso wa mama yake na mkono ule gotini, na mdomo wake uliendelea kwenda kama gari lililokatika breki.

"Na ulitokea wapi?" aliuliza waziri, akitabasamu, kalamu mkononi. "Taja mahali, ili tupeleke pongezi."

"Kwenye Chemchemi ya Baba. Ndani ya Ikulu."

Makofi yalikufa. Kalamu ya waziri ilibaki hewani. Mnaelewa alichokuwa amefanya? Aliwaambia kwamba Shimo la Bubu linamwaga ndani ya glasi ya Baba, na kwamba malori yaliyojazwa yako tayari kumletea Baba kinywaji. Naye waziri ndiye aliyetia sahihi. Uongo mkubwa namna hiyo ungeweza kupimwa kwa mtu mmoja kwenda Ikulu akauliza kama maji yaligeuka rangi. Lakini ni nani angekwenda? Kuuliza kama maji ya Baba yalikuwa mekundu ni kukiri kwamba huenda hayakuwa, na aliyedhani hivyo alikuwa msaliti.

Mheshimiwa Mavumba alianza kutoka jasho. Lilimtoka kwenye paji la uso, likakosa shingo ya kupita, likaenda moja kwa moja kwenye kola.

"Mimi," alisema. "Mimi mwenyewe niliona. Nilipita pale. Yalikuwa mekundu."

"Mekundu kabisa," akasema mjumbe wa kulia, haraka.

"Mimi niliona mwanga wake toka barabarani," akasema mwingine.

Ikaenda hivyo kiti kwa kiti, na kila aliyefuata aliona wekundu zaidi ya aliyemtangulia, hadi wa mwisho akasema alisikia maji yakiimba wimbo wa chama, ubeti wa pili. Jioni redio ilitangaza muujiza. Malori yalirudishwa. Sihaba alikwenda msalani, na alikuwa anajiosha uso alipoambiwa kwamba Baba anamwita.

*

Baba alikuwa mzee mdogo kuliko picha zake. Alikuwa amekaa peke yake katika sebule pana, na mbele yake kulikuwa na jagi la kioo na glasi. Walinzi walitolewa nje. Mlango ukafungwa. Sihaba alibaki amesimama, akiwa hajui mikono inawekwa wapi mbele ya mtu wa namna hiyo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Maji yangu yaligeuka mekundu?"

"Ndiyo, Baba."

"Kila asubuhi mimi huyatazama," alisema Baba. "Kabla sijatazama mtu, natazama maji. Nimeyatazama kila siku tangu unga umwagwe." Akashusha sauti. "Sikuona kitu."

Ukitaka kujua hofu ni nini, ni pale. Sihaba aliiona shingo yake mwenyewe kama kitu cha mtu mwingine kilichosahaulika juu ya mabega. Alifikiri kuhusu mama yake. Alifikiri kupiga magoti.

"Waziri aliona," aliendelea Baba. "Mkuu wa majeshi aliona. Mke wangu leo mezani ananiambia yaling'aa vizuri. Mpishi aliona. Mimi sikuona." Akawa anazungusha glasi mezani bila kuinyanyua. "Unajua maana yake, Dakta?"

"Hapana, Baba."

"Macho yangu yanakufa. Na hawa," alionyesha mlango kwa kidevu, "wakijua sioni, hawatangoja hata chakula cha mchana. Nani mwingine anajua?"

Ilimchukua Sihaba muda kuelewa kwamba yule mtu anaogopa. Yule ambaye kwa ajili yake nchi nzima ilikuwa inajikojolea alikuwa amekaa pale anamwogopa mpishi.

"Hakuna, Baba," alisema.

"Basi niliona. Yalikuwa mekundu."

"Mekundu sana, Baba."

Mzee alivuta pumzi. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa ule wa kwenye picha. "Na hayo maji ya ngozi. Yangekuja kwangu?"

"Yangekuja, Baba."

"Basi yapelekwe shimo jingine. Uwanda una mashimo mengi. Niambie lipi."

Swali lile Sihaba hakulitegemea. Alikuwa anayajua mashimo yote ya Uwandani kwa majina, na kila jina alilolifikiria lilikuja na chemchemi yake, na kila chemchemi ilikuja na wanawake wake wameinama na ndoo. Angetaja moja tu, lolote, angetoka pale mzima.

"Yote yanakutana, Baba," alisema. "Huko chini. Shimo lolote utakalolitia kitu katika nchi hii, kitakufikia wewe."

Baba alitazama jagi. Akatazama glasi, iliyokuwa nusu, ambayo nusu nyingine alikuwa ameshainywa. Akaisukuma taratibu juu ya meza mpaka ikafika upande wa Sihaba.

"Kunywa," alisema.

Sihaba alikunywa. Baba alimtazama machoni, shingoni, tumboni. Hakufa.

"Na kesho uje tena," alisema Baba. "Na keshokutwa. Utaishi humu."

*

Hivyo ndivyo nchi ile ilivyopata maji safi, na hakuna anayejua ni kwa nini. Hakuna shimo lililoruhusiwa kutiwa kitu tena. Malori ya ngozi yaliegeshwa uani kwa Mheshimiwa Mavumba, kwa heshima, pamoja na waziri mwenyewe, na majirani walihama mmoja mmoja wakisema wanafuata hewa ya mlimani. Kiwanda kilifungwa, na walinzi wa Baba wakawa wanapiga gwaride na kandambili nyekundu. Mtokambali wanachota, wanaoga, wanacheka meno nje. Bi Siwatu hutuma salamu kwa binti yake kila anapopata mtu anayekwenda mjini, na salamu huishia getini.

Sihaba yumo Ikulu. Kila asubuhi huletewa glasi mbele ya Baba, naye huinywa hadi chini huku mzee akihesabu pumzi zake. Maji yenyewe hayamtishi. Aliyachunguza wiki ya kwanza tu: yanatoka kwenye kilima kidogo chenye msitu nyuma ya ukuta, hayana uhusiano wowote na Uwandani, ni mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaonja. Anachoogopa ni kwamba Baba anapenda sana pilau, umri umekwenda, na siku yoyote kuanzia leo anaweza kuamka tumbo linamuuma.